Maji ya Dodoma na Mitambo ya Kuyafuatilia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka mikutano ya mitaa, kwa mafundi pampu, kwa wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na kwa majirani wanaotaka tu kujua kwa nini koki imekauka. Ninayeyajibu ni fundi wa vifaa vya kupimia maji na mkazi wa Dodoma. Majibu si tangazo la mamlaka yoyote: ratiba ya mgawo na hatua za miradi ziulizwe DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, wenyewe. Hapa naeleza teknolojia inavyofanya kazi, inachoweza na isichoweza, katika jiji linalotegemea maji ya chini ya ardhi.

## Mambo ya msingi

1. "Mfumo wa ufuatiliaji na udhibiti wa maji" ni kitu gani hasa?

Ni mpangilio wa vifaa unaomwezesha mtu aliye kwenye chumba kimoja kuona kinachoendelea kisimani, kwenye tangi na kwenye bomba kuu, na kuwasha au kuzima pampu bila kupanda gari. Wahandisi wanauita SCADA.

Kazi huanzia kwenye kihisi, kifaa kinachopima kina, presha, mtiririko au klorini. Kihisi hupeleka kipimo kwa kidhibiti, kompyuta ndogo ngumu iliyofungwa ndani ya kabati pale pale penye pampu, ambayo mafundi huiita PLC. Kidhibiti ndicho kinachotoa amri: tangi limejaa, zima. Kisha kuna mawasiliano, yaani redio, laini ya simu au waya, na mwisho seva na skrini za chumba cha udhibiti ambako kila kitu huonekana na kuhifadhiwa.

Wanafunzi huniuliza kwa nini vihisi vingi hutuma mkondo wa miliampia 4 hadi 20 na si 0 hadi 20. Tangi tupu ni 4, lililojaa ni 20. Sifuri imeachwa makusudi: waya ukikatika mkondo unaanguka hadi sifuri, na mtambo unajua kwamba tatizo ni waya, wala si tangi lililokauka.

2. Kwa nini Dodoma iuhitaji kuliko mji ulio kando ya ziwa?

Kwa sababu chanzo chetu hakionekani. Mtu wa Mwanza akitaka kujua hali ya maji anaanza kwa kulitazama ziwa. Sisi tegemeo letu kubwa kwa miongo mingi limekuwa visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji. Huwezi kusimama Mzakwe ukaona kama maji yamepungua. Juu utaona vichaka na mchanga, mwaka wa neema na mwaka wa shida vilevile.

Mvua yetu ni ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Watu nao wameongezeka mno: sensa ya 2012 ilihesabu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma, na ya 2022 ikahesabu 765,179. Serikali ilitangaza kuhamia hapa mwaka 2016, na tangu hapo Mtumba, Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa zimejaa nyumba mahali palipokuwa mashamba. Jiji linalokua hivyo juu ya chanzo lisichokiona linaweza kukivuta kupita kiasi kwa miaka kadhaa kabla mtu yeyote hajashtuka. Swali la 5 linaeleza hilo kwa kirefu.

3. Je, mfumo huu utatuongezea maji?

Hapana, na anayewaahidi hivyo anawapotosha. Maji mapya yanatoka kwenye visima vipya, mabwawa au mabomba kutoka mbali. Mipango ya bwawa la Farkwa wilayani Chemba na ya kuleta maji ya Ziwa Victoria ni ya kundi hilo. Vihisi havizalishi hata ndoo moja.

Kinachofanyika ni kwamba maji yaliyokwisha kuvutwa kwa gharama ya umeme yafike kwa watu badala ya kumwagika njiani au kufurika kwenye tangi saa 9 usiku. Faida hiyo inaweza kuwa kubwa, lakini ina kikomo.

## Kinachopimwa, na wapi

4. Vihisi vinawekwa wapi?

Kisimani: kina cha maji, mtiririko, na umeme unaotumiwa na mota. Kwenye tangi: kina, pamoja na swichi ya boya ya akiba. Kwenye bomba kuu: presha na mtiririko. Kwenye lango la kila eneo la usambazaji: dira kubwa inayosoma maji yanayoingia. Mwisho wa mtandao wa mabomba, kwenye nyumba za juu kabisa au za mbali kabisa: presha tu.

Kipimo cha mwisho wa mtandao ndicho husahaulika, na ndicho nakipigania kila ninapoulizwa. Presha nzuri pampuni haimsaidii mama wa Ntyuka ambaye koki yake inatoa upepo. Weka kihisi kule aliko yeye.

5. Kupima kina cha maji kisimani kuna faida gani? Si maji yanatoka tu?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika orodha hii, kwa hiyo nivumilie.

Kisima kina vipimo viwili vya kina: maji yalipo wakati pampu imepumzika, na yanaposhuka pampu inapovuta. Tofauti ya viwili hivi inaeleza afya ya kisima. Kama kina cha mapumziko hakijabadilika lakini kina cha kuvuta kinazidi kushuka kwa mtiririko uleule, kisima chenyewe kinaumwa. Mara nyingi chujio limeziba kwa mchanga au chokaa, na dawa yake ni kukisafisha. Kama kina cha mapumziko ndicho kinachoshuka, na cha visima jirani pia, basi mwamba wenye maji unaishiwa, na kusafisha kisima hakutasaidia. Bila vipimo viwili, watu hutibu ugonjwa usiokuwepo. Nimeona fedha za kuchimba kisima kipya zikitafutwa mahali ambapo cha zamani kilihitaji kusafishwa tu.

Sasa upande wa miaka mingi. Makutupora ina kumbukumbu za kina cha maji za tangu miaka ya 1950, zilizopimwa kwa mkono na kuandikwa na watu wenye subira. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya kumbukumbu hizo, na matokeo yake kila mkazi wa Dodoma angepaswa kuyajua: hifadhi yetu ya chini ya ardhi haijazwi kila masika. Kwa miaka kadhaa mfululizo inashuka tu, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida, mara nyingi mwaka wa El Niño, nayo inapanda. Msimu wa 1997/98 ndio uliojaza kuliko mwingine wowote katika kipindi hicho.

Maana yake, mtu anayetazama grafu ya miaka mitatu tu anaweza kuogopa bure au kujifariji bure. Mfumo mpya wa kidijitali wenye takwimu za miezi 18 hauna akili ya kutosha kuhusu Makutupora. Ni lazima uunganishwe na madaftari ya zamani, na hapo kuna mtego: kina hupimwa kutoka alama fulani, kwa kawaida mdomo wa kisima. Bomba la kisima likiongezwa sentimita 40 wakati wa ukarabati na asiandike mtu, grafu itaonyesha maji yamezama ghafla kwa sentimita 40. Andikeni alama. Piga picha. Na endeleeni kupima kwa mkono mara moja kwa mwezi kwa futi ya kisima (utepe wa kupimia kina), kwa sababu vihisi vya presha huhama taratibu kutoka kwenye usahihi wao na havisemi.

6. Kihisi kinaweza kujua kama maji ni salama kunywa?

Kwa sehemu. Vipo vya klorini, tope, uchachu (pH) au chumvichumvi, vinavyosoma kila dakika. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapochota. Kihisi mwisho wa mtandao kinaweza kuonyesha ikishuka chini ya hapo.

Bakteria wa kinyesi hawagunduliwi na vihisi hivi vya kawaida. Sampuli inapelekwa maabara na jibu huchukua takriban siku nzima. Kwa hiyo mtu wa maabara haondoki. Maji yetu yana madini mengi, na utando mweupe unaobaki kwenye birika hubaki pia kwenye kihisi. Kisiposafishwa kinasoma uongo.

## Upotevu, presha na mgawo

7. Mtajuaje bomba linavuja wakati liko chini ya ardhi?

Kwa kutazama usiku. Kati ya saa 8 na saa 10 alfajiri watu wengi wamelala, kwa hiyo maji yanayoendelea kuingia katika eneo kwa kasi kubwa yana uwezekano mkubwa wa kuwa yanavuja. Bomba linalovuja lita 1 tu kwa sekunde linamwaga lita 86,400 kwa siku, yaani uniti 86 na ushei, au madumu 4,320 ya lita 20.

Ila njia hii ilibuniwa katika miji yenye maji saa 24, na vitabu vingi havielezi yanayotokea kwetu. Penye mgawo, usiku ndipo matangi ya juu ya nyumba hujaa. Dira ya eneo inaonyesha mtiririko mkubwa saa 9 usiku, fundi anapiga kelele "uvujaji!", kumbe ni simtanki 300 zinajazwa. Hapa Dodoma inafaa kusubiri siku ya pili au ya tatu ya zamu, matangi yakishajaa, ndipo usome mtiririko wa usiku. Au hesabu mzunguko mzima wa mgawo: yaliyoingia, toa yaliyosomwa kwenye dira za wateja.

Kinachobaki si uvujaji peke yake. Humo mna maunganisho ya wizi, na dira zilizochoka zinazosoma pungufu. Ukishajua eneo, kulipata tundu lenyewe bado ni kazi ya miguu na masikio, na kwenye mabomba ya plastiki vifaa vya kusikiliza havifanyi vizuri kama kwenye chuma.

8. Kwa nini mabomba hupasuka usiku wakati hakuna anayetumia?

Kwa sababu hiyohiyo. Matumizi yakipungua presha inapanda. Kila mita 10 za tofauti ya kimo kati ya tangi na nyumba ni takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha), na Dodoma ni mji wa vilima na mabonde: mtaa wa chini unapata presha ya kupasua wakati wa mlimani unapata matone.

Valvu ya kupunguza presha inayoongozwa na kidhibiti inaweza kushusha presha usiku na kuirudisha alfajiri. Kwa mtandao wenye mabomba mchanganyiko, kupunguza presha kwa asilimia 10 hupunguza uvujaji kwa kiasi kinachokaribia asilimia 10. Kwenye plastiki huwa zaidi, maana ufa wa plastiki hupanuka presha ikiwa juu. Katika mambo yote ya teknolojia hii, hili ndilo linalorudisha fedha mapema.

9. Mgawo utaisha?

Kama maji ni machache kuliko mahitaji, mgawo utabaki (tazama swali la 3). Kinachoweza kubadilika ni uaminifu wake. Leo valvu ya mtaa hufunguliwa na mtu mwenye spana, na zamu inaweza kuchelewa kwa sababu pikipiki imeharibika. Valvu inayofunguliwa kwa ratiba, yenye kumbukumbu ya saa ilipofunguliwa na kiasi kilichopita, inawapa wananchi kitu cha kudai: mtaa wetu umepata saa ngapi, mtaa ule saa ngapi. Naamini takwimu hizo zinafaa kubandikwa ofisi ya serikali ya mtaa kila wiki. Watu huvumilia uhaba kuliko wanavyovumilia kuhisi wanapunjwa.

10. Dira yangu inazunguka kwa hewa kabla maji hayajafika. Ni kweli nalipia upepo?

Inawezekana. Bomba likikaa tupu wakati wa mgawo hujaa hewa, na maji yakirudi huisukuma kupitia dira za kawaida za panga, ambazo huzunguka hata kwa hewa. Tiba ni valvu za kutolea hewa kwenye sehemu za juu za bomba, na kulijaza bomba polepole. Kihisi cha presha kinamwonyesha mwendeshaji bomba linapokuwa tupu ili asifungue kwa pupa.

Ukiwa na shaka na dira yenyewe, omba ipimwe. Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuhakiki dira za maji. Malalamiko huanzia kwa mamlaka ya maji, na yasipotatuliwa hupelekwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji.

## Umeme, mawasiliano na mazingira yetu

11. Umeme ukikatika, mfumo wote si unakufa?

Pampu zinasimama, lakini kidhibiti, vihisi na redio vinatumia umeme mdogo sana na vinapaswa kuwa na betri, ikiwezekana na sola. Jua tunalo. Mfumo unaozimika pamoja na pampu unakunyima taarifa dakika unayozihitaji zaidi.

Hatari kubwa ni umeme unapokatika na unaporudi. Pampu ikisimama ghafla maji ndani ya bomba hugonga: katika bomba la chuma, kasi ikibadilika kwa mita 1 kwa sekunde papo hapo, presha inaruka kwa takriban bar 10. Ndipo viungo vinapofumuka. Umeme ukirudi, visima vyote vikiwaka kwa pamoja kila mota hudai mkondo mara kadhaa zaidi ya kawaida, na fyuzi zinaanguka tena. Kidhibiti kizuri huwasha kisima kimoja, husubiri, kisha kingine.

12. Na mtandao wa simu ukipotea?

Hapa ndipo mfumo mzuri hutofautiana na wa maonyesho. Maamuzi ya usalama lazima yafanyike pale pale kwenye kituo, si kwenye seva ya mjini. Pampu isiyo na maji isimame yenyewe. Tangi lililojaa lifunge valvu yake kwa boya.

Kisima kilicho kilomita nyingi kutoka tangi lake kinahitaji kanuni iliyokubaliwa mapema: mawasiliano yakikatika endelea kuvuta kwa dakika kadhaa, kisha fuata ratiba maalumu, au simama. Jibu linategemea ukubwa wa tangi. Lisilokubalika ni kutokuwa na jibu. Redio za masafa yaliyosajiliwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni njia ya pili nzuri pale laini za simu zinapoelemewa.

13. Vifaa hivi vitavumilia vumbi na radi za huku?

Vikifungwa vizuri. Kabati liwekwe kivulini, tundu za waya zizibwe maana mijusi na mchwa huingia, na vizuia radi viwekwe pande zote mbili: waya wa umeme na waya wa kihisi. Udongo wetu ukikauka kuanzia Juni nguzo ya ethi, inayopeleka umeme wa radi ardhini, hufanya kazi vibaya, na radi za kwanza huja kabla ardhi haijalowa. Pimeni ethi mwezi Oktoba, si Machi.

Wizi wa betri na paneli upo. Kituo kilicho karibu na nyumba ya mtu anayekijali hudumu kuliko chenye uzio mrefu porini.

## Watu, usalama na gharama

14. Wasoma dira na wahudumu wa pampu watapoteza kazi?

Kazi ya kuandika namba kwenye daftari itapungua, hilo ni kweli. Lakini kila kihisi kinahitaji mtu wa kukisafisha, kukihakiki na kukibadilisha, na wanaovijua visima vya Mzakwe kwa sauti yake ni wahudumu walewale. Mhudumu anayesema "pampu namba fulani inaguna tangu jana" anagundua hitilafu ya beringi ambayo skrini haitaionyesha kwa wiki. Mradi unaowaacha nje watu hao unatupa maarifa yasiyonunulika. Wafundishwe kwanza, kabla mkandarasi hajaondoka.

15. Wadukuzi wanaweza kutuzimia maji?

Wanaweza, na imetokea kwingine. Mwaka 2000, huko Maroochy nchini Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi na kampuni iliyofunga mfumo alitumia redio na kompyuta kuziamuru pampu za majitaka, na karibu lita 800,000 zikamwagika kwenye bustani na mito. Novemba 2023, huko Aliquippa katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kidhibiti cha kituo cha kuongeza presha kilitekwa. Vidhibiti vya aina ile vilitoka kiwandani na neno la siri 1111, na vilikuwa vikifikika moja kwa moja kupitia intaneti. Kengele ililia, wafanyakazi wakahamia kuendesha kwa mkono, na maji hayakukatika.

Mafunzo yake ni ya kawaida kabisa. Badilisha maneno ya siri ya kiwandani. Usiweke kidhibiti kwenye intaneti wazi. Anayeacha kazi, ruhusa zake zifutwe siku hiyohiyo. Tenganisha mtandao wa pampu na wa ofisi. Na swichi ya mkono ibaki kwenye kila kabati, ijaribiwe.

16. Ankara zitapanda?

Bei ya maji haipandi kwa uamuzi wa mamlaka peke yake. EWURA huipitisha baada ya maoni ya wadau, na wewe ni mdau, nenda kwenye mkutano. Uliza waziwazi: mfumo unaokoa umeme kiasi gani, na vipuri vya miaka kumi ijayo vitatoka fungu gani?

17. Dira mpya zinazosomwa kwa mbali zinajua nini kuhusu mimi?

Dira inayosoma kila saa inajua unaamka lini, una wageni lini, na nyumba ni tupu lini. Hiyo ni taarifa binafsi, nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni haki kuuliza nani anaziona na zinakaa muda gani. Upande wa faida, dira hizo hukuonya tangi lako linapovuja usiku kucha kabla ankara haijakuumiza.

## Kwa mafundi na wasimamizi

18. Fedha ni kidogo. Tuanze na nini?

Dira kubwa kwenye kila kisima na kila lango la eneo, kina cha matangi, presha ya mwisho wa mtandao. Kuona tu, bila kuendesha chochote kwa mbali. Mwaka mmoja wa takwimu safi utawaonyesha wapi pa kuweka valvu za kujiendesha. Skrini kubwa ukutani iwe ya mwisho.

19. Mkataba uwe na nini ili tusifungwe na muuzaji mmoja?

Nakala kamili ya programu ya kila kidhibiti, maneno ya siri yote, michoro ya waya kama ilivyofungwa kweli, na lugha ya mawasiliano iliyo wazi. Modbus ni ya tangu 1979 na karibu kila kifaa huielewa. Haya yaandikwe kwenye zabuni, kwa sababu baada ya malipo ya mwisho ni ombi tu.

20. Tutahamaje kutoka mfumo wa zamani bila kukata maji?

Kituo kimoja kwa wakati, cha zamani na kipya vikisoma sambamba kwa wiki kadhaa. Vikipishana, usidhani kipya ndicho sahihi. Pima kwa mkono. Epukeni kuhama wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, jiji likiwa na wageni wengi.

21. Kengele zinalia mfululizo hadi waendeshaji wanazinyamazisha. Tufanyeje?

Mwongozo unaotumika sana kimataifa unaona mtu mmoja anamudu takriban kengele moja kila dakika 10 katika hali ya kawaida. Kengele isiyodai hatua yoyote si kengele. Ihamishieni kwenye kumbukumbu. Kwa kila inayobaki, andikeni sentensi moja ya nini kifanyike ikilia. Msipoweza kuiandika, ifuteni.

22. Mradi wetu ni wa kijiji, kisima kimoja na vilula vinane. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu, ila kwa kipimo chenu. Dira kwenye kisima, daftari, futi ya kisima, na kifaa cha kutuma ujumbe wa simu pampu ikisimama vinatosha. Zungumzeni na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani kabla ya kununua chochote, ili vifaa vilingane na vya vijiji jirani na vipuri vipatikane.

23. Jumla za siku kwenye mfumo hazilingani na daftari la mhudumu. Nani anakosea?

Mara nyingi hakuna anayekosea. Saa ndizo zinazopishana. Mhudumu anaandika saa 2 usiku, mfumo unaandika 20:00, na anayenakili ofisini anaingiza 02:00. Fomu ya kituoni iwe na saa za aina moja, zilizochapwa tayari, mhudumu ajaze namba tu.

Kuna kosa lililojificha zaidi. Seva nyingi huhifadhi muda kwa saa za dunia, ambazo ziko saa tatu nyuma ya zetu. "Siku" ya seva basi inaanza saa 9 usiku wa Dodoma, katikati ya kipindi cha mtiririko wa usiku (swali la 7), na kipimo chako cha uvujaji kinagawanyika siku mbili. Wekeni mpaka wa siku kwa saa za Afrika Mashariki kabla ya kuanza kuhifadhi takwimu. Mkibadilisha baadaye, siku ya mabadiliko itakuwa na saa 21 au 27; iwekeni alama kwenye kumbukumbu, na msiitumie katika hesabu ya upotevu.